“Hela ya Masasi imeingia”: kisa cha kiulizi kilichokosekana

Ujumbe ulioleta ugomvi huu hauna kosa hata moja la tahajia. Hakuna r iliyokaa mahali pa l, hakuna h iliyoangushwa, wala neno lililokatwa vipande pasipostahili. Shangazi yangu aliuandika asubuhi ya Ijumaa moja ya mwezi wa Septemba akiwa msibani Muheza, nao ulisomeka hivi: “hela ya masasi imeingia”. Jioni ya siku hiyo marobota manne ya khanga, yaani doti 240 zenye thamani ya shilingi 2,400,000, yalipakiwa kwenye basi na kwenda kwa mteja ambaye hakuwa amelipa hata shilingi moja. Wahusika wote wawili wameniruhusu kukieleza kisa hiki kwa sharti la kutotaja majina yao, na ninakijua kwa undani kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kalamu katika kikao cha ukoo kilichoketi kuamua nani abebe hasara.

Shangazi anauza khanga kwa jumla Kariakoo, na wateja wake wengi wako mikoani. Mteja huchagua mzigo kwa simu, hulipa, na baada ya malipo kuonekana ndipo mzigo hufungwa na kupelekwa kwenye ofisi ya mizigo ya basi. Malipo hupita njia mbili, na asiyezishika njia hizo hataelewa jinsi watu wawili wenye akili timamu walivyopotezana. Wapo wanaolipa kwa simu ya duka, ambayo hukaa na kijana anayemsaidia dukani. Na wapo wanaoweka fedha benki, ambapo taarifa huingia kwenye simu ya shangazi mwenyewe, popote alipo. Mteja wa Masasi alikuwa na tabia ya kutumia njia yoyote kati ya hizo kadiri ilivyomwia rahisi. Usiku wa Alhamisi alimpigia kijana akamwambia kwamba asubuhi angeweka hela. Hakusema angeiweka wapi, na kijana hakuuliza.

Asubuhi iliyofuata shangazi alikuwa amekaa mkekani pamoja na wafiwa. Hakuweza kupiga simu, kwani kisomo kilikuwa kikiendelea, hivyo akaiinamia simu yake ya kitochi na kuandika kwa kidole gumba kimoja. Kwenye simu za aina hiyo kiulizi hujificha nyuma ya kitufe cha namba 1, pamoja na nukta na mkato, na mwandishi hulazimika kukibonyeza mara kadhaa mpaka alama anayoitaka ijitokeze. Shangazi alikiri kikaoni, bila kuona haya, kwamba katika maisha yake yote ya kuandikiana ujumbe hajawahi kukitafuta kiulizi, kwa kuwa watu humwelewa.

Mazungumzo yote, kama nilivyoyanakili kutoka simu zote mbili, yalikuwa na mistari mitatu tu. Saa 4:12 asubuhi shangazi aliandika: “hela ya masasi imeingia”. Saa 4:13 kijana akajibu: “sawa mama”. Saa 4:15 shangazi akaandika: “haya mfungie aende leo”.

Shangazi alikuwa ameuliza. Hakuwa ameona taarifa yoyote kutoka benki, kwa hiyo alitaka kujua kama fedha zimepita kwenye simu ya duka. Alipopata “sawa mama”, alihesabu kwamba amejibiwa ndiyo, akaamuru mzigo utoke. Kijana naye alikuwa amepewa habari. Simu ya duka ilikuwa mkononi mwake, nayo haikuwa imepokea chochote, kwa hiyo alipoona mwajiri wake anasema hela imeingia, alielewa kwamba imeingia benki. Akaitikia kwa adabu, kama kijana anavyomwitikia mkubwa, kisha akasubiri agizo; na agizo likaja dakika mbili baadaye. Kwa namna hiyo kila mmoja aliamini kwamba fedha zipo kwa ushahidi wa mwenzake, ilhali hapakuwa na yeyote kati yao aliyeziona. Wangekuwa wanagombana tungesema mmoja anadanganya, lakini ukiyasoma mazungumzo hayo utaona watu wanaokubaliana kabisa.

Jambo liligunduliwa Jumatatu, shangazi aliporudi na kulifungua daftari. Mteja, alipopigiwa, hakukana. Alisema alichelewa kuweka hela, akashangaa kuona mzigo umefika, akadhani amekopeshwa kwa kuaminiwa. Na kwa kuwa mzigo ulikuwa umeshaanza kuuzwa, aliomba asubiriwe mpaka minada ya korosho ianze Oktoba na mikono ya watu ipate kitu. Sina ushahidi wa kumwita tapeli. Mtu aliyeletewa marobota manne bila kudaiwa si rahisi kuyarudisha kwa kulipa nauli yake mwenyewe, ingawa simu moja ya kuuliza isingemgharimu kitu.

Kikao kiliitishwa kwa sababu shangazi alitaka kukata mshahara wa kijana kidogo kidogo mpaka hasara ifidiwe, na mama yake kijana alikuja kutoka Mbagala kulalamika. Baba mkubwa ndiye aliyeketi kati. Yeye ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mtu wa miwani minene na subira nyingi, na alifanya jambo ambalo mimi, pamoja na kujidai kwangu kwamba naijua lugha, nisingelifikiria. Alimpa shangazi simu akamwambia ausome ujumbe wake kwa sauti. Shangazi akasoma, na sauti yake ikapanda ilipofika kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, “imeingia”, kama inavyopanda sauti ya kila mtu anayeuliza. Kisha akampa kijana simu ya duka, akamwambia asome ujumbe ule ule. Kijana akasoma, na sauti yake ikashuka taratibu hadi mwisho, kama inavyoshuka sauti ya anayetoa habari. Herufi zilikuwa zile zile, kwa mpangilio ule ule, na chumba kizima kikasikia sentensi mbili tofauti. Mama yake kijana, ambaye alikuja na hasira, akacheka.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Katika Kiswahili, swali la kujibiwa ndiyo au hapana halina lazima ya kubadili chochote katika sentensi. Mpangilio wa maneno haubadiliki, kitenzi hakivai kiambishi kipya, wala hakuna neno linalolazimika kutangulia. “Baba amefika” ni habari, na “Baba amefika?” ni swali, na kinachozitenganisha katika mazungumzo ni kiimbo peke yake. Tunalo neno “je”, lakini matumizi yake ni hiari, na katika mazungumzo ya nyumbani wengi wetu hulikwepa kwa sababu lina harufu ya darasani au ya hotuba. Sasa, kiimbo hakiandikiki. Kinapoondolewa, kitu pekee kinachobaki kubeba swali zima ni ile alama ndogo ya mwisho, na ikiachwa, swali halidhoofiki tu bali linageuka kuwa kinyume chake: aliyekuwa hajui anaonekana kuwa ndiye anayejua.

Wazungumzaji wa baadhi ya lugha nyingine hawabebi mzigo huu kwa uzito ule ule. Mwingereza anayeuliza kwa sentensi kamili kwa kawaida huanza na kitenzi kisaidizi au hupindua mpangilio wa maneno, kwa hiyo hata akikisahau kiulizi, msomaji ameshajua tangu neno la kwanza kwamba anaulizwa. Mwarabu anayeandika kwa ufasaha anaweza kulitanguliza neno “hal”. Wahispania, ambao lugha yao huruhusu sentensi ya taarifa na ya swali kufanana kama yetu, waliliona tatizo hili mapema, na mwaka 1754 Akademia yao ya Kifalme ikaagiza kwamba swali refu liwekewe alama mwanzoni pia, kiulizi kilichopinduliwa, ili msomaji ajue ainue sauti kabla hajafika mwisho. Sisemi na sisi tuige; vitufe vya simu vinatushinda hata vikiwa na alama moja. Nataja jambo hilo ili kuonyesha kwamba kuna watu walioketi wakakubaliana kwamba katika lugha yao alama hii inafanya kazi ya neno.

Sisi tuliipokea kwa njia nyingine. Waswahili wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya shule za misheni na za serikali za kikoloni kueneza herufi za Kirumi, na katika hati za zamani za tenzi msomaji hakuongozwa na viulizi. Hakuvihitaji sana, kwa kuwa utenzi uliandikwa ili ughaniwe, na mghani alijua panapoulizwa na panapojibiwa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930 ya kusanifisha tahajia kwa msingi wa Kiunguja, alama za uakifishaji zilikuwa tayari zimeingia pamoja na herufi za Kirumi, kwa desturi za lugha za Ulaya. Ninavyoona mimi, tulirithi alama pamoja na mazoea ya watu ambao kwao kiulizi husaidia tu, tukafundishana shuleni kwamba ni jambo la unadhifu, la kupata au kupoteza nusu alama katika insha, na hakuna aliyetuambia kwamba kwetu ndicho kinachobeba maana.

Bidhaa yenyewe iliyopotea, kwa bahati, ni mfano mzuri. Jina la khanga huchapwa kwa herufi kubwa, mara nyingi bila nukta, bila mkato na bila kiulizi, na anayeivaa ndiye anayejua kama anauliza, anajibu au anamchoma jirani. Utamu wa khanga uko hapo hapo. Shangazi ameishi na maandishi ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 15, na nilipomwambia kwamba huenda ndiyo yaliyomlemaza, alinitazama kwa jicho ambalo halikuhitaji alama yoyote.

Hoja aliyoishikilia kwa nguvu zaidi ni ya muktadha. “Mimi niko msibani Muheza,” alisema, “nitajuaje hela imeingia mpaka nimpe mtu habari?” Ni hoja nzuri, na ndiyo wanayoitoa wote wanaoandika ovyo: msomaji atajua. Lakini kijana alikuwa na muktadha wake, ambao ulikuwa mzuri vile vile. Simu ya benki iko kwa mama. Simu ya duka ninayo mimi na haina kitu. Mama anasema hela imeingia. Basi imeingia kwake. Muktadha husaidia pale ambapo mwandishi na msomaji wanauona kwa pamoja. Hapa kila mmoja alikuwa na nusu yake, na ujumbe ulihitajika kwa sababu hiyo hasa. Tungekuwa tunajua wanachokijua wenzetu, tusingeandikiana kabisa.

Binamu yangu mmoja, aliyekuwa amekaa pembeni akichezea funguo za gari, alidharau mjadala wote akisema haiwezekani kialama kimoja kimlipishe mtu milioni mbili. Nikamkumbusha kesi ya madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy katika jimbo la Maine, Marekani, ambako sheria ya malipo ya saa za ziada iliorodhesha kazi zisizostahili malipo hayo bila kuweka mkato kabla ya “au” ya mwisho, hata haikujulikana kama usambazaji ni kazi inayojitegemea au ni sehemu ya ufungashaji. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua mwaka 2017 kwamba utata huo uwafae madereva, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Kule, hata hivyo, maneno yalikuwepo na ubishi ulikuwa juu ya namna ya kuyapanga katika mafungu. Kwetu hakuna cha kupanga. Binamu aliweka funguo mezani, lakini sidhani kama nilimshawishi.

Mpaka hapa nimemsema shangazi peke yake, na haitakuwa haki kuliacha jibu la kijana bila kulitazama. “Sawa” ni neno la hatari kuliko linavyoonekana. Huitikia habari, hukubali amri, humaliza mazungumzo, na katika midomo ya wengi hujibu hata swali. Kijana angejibu “ndiyo”, shangazi angekuwa na haki ya kumkamata. Angejibu “asante mama”, shangazi angeshtuka na kuona kwamba ameeleweka vibaya. “Sawa” ilikaa katikati kabisa, ikatosha kwa kila upande. Naamini pia kwamba adabu ilichangia. Kijana wa dukani hamwulizi mwajiri wake “imeingia wapi?” kwa wepesi, kwa sababu swali kama hilo linaweza kusikika kama kumtilia shaka, hasa mtu aliye msibani. Nililisema hili kikaoni na baba mkubwa akalikubali, ila akaongeza kwamba adabu isiyouliza kuhusu milioni mbili za watu ni ya bei ghali.

Uamuzi wake ulikuwa kwamba mshahara wa kijana usiguswe, kwa kuwa alipokea agizo la wazi la kutuma mzigo kutoka kwa mwenye mali, lakini kwamba yeye ndiye atakayemfuatilia mteja kila wiki mpaka deni liishe, kwa muda wake na kwa vocha yake. Shangazi aliambiwa abebe hasara yoyote itakayobaki. Mimi ningempa kijana sehemu kubwa kidogo ya lawama, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kitu cha kushangaza mbele ya macho: mteja alimwahidi yeye, simu ya duka ilikuwa kimya, na habari ikamjia kwa mlango mwingine. Lakini sikuulizwa, nilikuwa karani. Hadi mwisho wa Desemba mteja alikuwa amelipa shilingi 2,100,000 kwa mafungu, na laki tatu zilizobaki shangazi ameacha kuzitaja.

Baada ya kikao baba mkubwa aliniagiza niwaandikie utaratibu wa kuandikiana ujumbe wa fedha. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa somo la uakifishaji, nikaichana mwenyewe, kwa kuwa nilijua kwamba mtu mwenye kitochi, aliyezungukwa na wafiwa, hatabonyeza namba 1 mara nne kwa ajili yangu. Nikaona ni afadhali swali lihamishwe kutoka kwenye alama liingie kwenye maneno. “Hela ya Masasi imeingia au bado” ni swali hata likiandikwa bila kiulizi, bila herufi kubwa na kwa mkono unaotetemeka, na hakuna kiimbo kinachoweza kuligeuza kuwa habari. Vivyo hivyo “imeingia shilingi ngapi” na “imeingia kwa nani”. Upande wa jibu nikaandika kwamba “sawa” isitumike kabisa katika mambo ya fedha, na kwamba anayejibu akirudie kitenzi cha swali: imeingia, au haijaingia. Karatasi hiyo imebandikwa kwa gundi nyuma ya mlango wa stoo, juu ya ratiba ya mabasi.

Wiki iliyopita nilipita dukani, na shangazi akanionyesha simu yake kwa fahari kidogo. Alikuwa ameandika: “je hela ya newala imeingia au bado??”, akiwa amevitafuta viulizi viwili na kuongeza “je” juu yake, kana kwamba anafidia miaka yote. Jibu la kijana lilikuwa: “bado mama haijaingia”. Nilitaka kusema kwamba mikato miwili imekosekana, mmoja kabla ya “mama” na mwingine baada yake, na kwamba bila hiyo mtu angeweza kusoma kuwa ni mama ambaye bado hajaingia mahali fulani. Kisha nikaona kwamba kijana ameandika “haijaingia”, si “hajaingia”, kwa hiyo ngeli imeshatamka wazi kwamba kinachosubiriwa ni hela. Nikamrudishia shangazi simu yake, akaenda kufunga robota la mteja mwingine.